Jicho la mbwa wangu limechomwa na mchongoma, sasa limekuwa la bluu. Nifanyeje?

Baba Bosko: Wakuu, habari za jioni. Nina dume langu, chotara wa German Shepherd, miaka 4. Jumamosi alikimbiza paka akapenya ua wa michongoma, akarudi kafumba jicho la kushoto, machozi yanachuruzika. Nikasema litapoa. Jumapili nikaenda duka la dawa, nikapewa matone ya macho ya watu, nampa mara tatu kwa siku. Leo Jumatano jicho lina ukungu wa bluu, na katikati kuna kishimo kama mtu kabonyeza ugali kwa kidole. Jirani anasema nipulizie sukari iliyosagwa, kwao ndivyo walivyotibu ng'ombe. Bwana mifugo wa hapa Kibaha kasafiri hadi Jumatatu. Nisubiri?

Mlandizi Mjanja: Sukari weka kwenye chai mkuu.

Mstaafu wa Mifugo: Baba Bosko, kabla ya yote soma boksi la hayo matone. Kuna neno linaloanza na dexa au pred?

Baba Bosko: Lipo mzee. Dexamethasone, pamoja na antibayotiki.

Mstaafu wa Mifugo: Acha sasa hivi, hata tone moja usiongeze. Hiyo ni steroidi. Jicho jekundu lisilo na kidonda inalituliza vizuri, lakini kioo cha jicho, yaani ule utando angavu wa mbele, kikiwa kimechanika inazuia kisizibe, na bakteria wanakula kwa raha. Kishimo unachokiona ndicho kidonda kinachochimba. Na nikutahadharishe: ukiamka ukakuta katikati pameng'aa tena huku pembeni pana ukungu, usidhani kapona. Hapo umebaki utando mmoja mwembamba tu, akijikuna au akigonga kiti jicho linapasuka.

Jumatatu ni mbali mno. Mpeleke Dar kesho asubuhi, na kama hupati mtu wa macho, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale Morogoro. Daktari atatia rangi ya fluoresini. Palipochubuka panang'aa kijani kwenye mwanga wa bluu. Atakagua pia nyuma ya kope la tatu, ule utando wa kwenye kona ya ndani ya jicho la mbwa, miiba hupenda kujificha huko. Ukiuona mwiba umesimama kwenye jicho lenyewe usiung'oe, huenda ndio umeziba tundu. Na usimpe Panadol wala diclofenac, mbwa si mtu.

Mama Simba: Pole kaka. Leo usiku mzuie kujikuna. Mimi nilikata kitako cha ndoo ya rangi ya lita 4, nikatoboa matundu, nikafunga na mkanda wake. Anafanana na redio ya zamani lakini inafanya kazi.

Wa kwangu yalikuwa mengine. Kale kambwa kenye pua bapa kaling'atwa kichwani na mbwa wa mtaani, jicho likatoka nje kabisa, linaning'inia. Daktari kwenye simu akaniambia nisilirudishe kwa mkono, nilifunike na kitambaa safi kilicholowa maji ya dripu, lisikauke njiani. Tulichelewa, likatolewa, wakashona. Miaka 2 sasa, anakimbiza kuku kwa jicho moja na kuku hawajui tofauti. Mwenye mbwa wa kupigana, hakikisha pia chanjo ya kichaa iko sawa.

Kijana wa Handeni: Huku kwetu ni nyoka, swila. Anatema sumu machoni, mbwa anapiga kelele hadi majirani wanatoka. Osha na maji mengi safi dakika 15 hadi 20, halafu ndiyo utafute daktari. Wengine wanakimbilia maziwa. Ukiwa na maji usipoteze muda.

Baba Bosko: Mrejesho, Alhamisi usiku. Rangi iliwaka kijani duara zima, mwiba haukuwepo. Daktari kasema kidonda kimeshuka zaidi ya nusu ya unene wa kioo lakini hakijatoboa. Kamtoa Bosko damu, kaizungusha kwenye mashine, majimaji ya juu ndiyo matone yake sasa, kila baada ya saa 2, yanazuia kioo kisiyeyuke. Antibayotiki peke yake, na atropini ya maumivu. Jumamosi anaangalia tena. Kikiendelea kuchimba atashona kipande cha ngozi laini ya jicho juu yake. Mke wangu na mimi tunapeana zamu kama walinzi.

Mama Simba, ndoo ya lita 4 haimtoshi, kichwa kikubwa. Nimekata ya lita 10, kaangusha meza ya sebuleni. Kuna mwenye kola ya saizi yake maeneo ya Kibaha aniazime wiki 2?