Manesi wa Nairobi tupeane uzoefu: ni nini kilikutoa wodini?

Wadau naanza mimi. Niliingia hospitali moja ya binafsi na leseni mpya, wiki ya kwanza tu inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, akaniuliza mbele ya mgonjwa na watu wake kama cheti nilinunua, kisa kanula, ile sindano ya kuwekea dripu, imekataa mara mbili kwa mzee ameharisha mpaka maji yamemwisha mwilini, na kila nesi anajua mishipa ya mtu kama huyo huwa imezama. Kuanzia hapo naiti zote zikawa zangu, nikiuliza rota ya zamu naambiwa wenzangu wana familia. Lakini kilichonimaliza ni asubuhi tukikabidhiana wodi, unasoma ripoti watu wanakucheka, mpaka nikaanza kuogopa kuuliza dozi. Nesi akiogopa kuuliza dozi anayeumia ni mgonjwa jamani. Niliacha mwezi wa nane, na kati ya sita tulioingia pamoja nilikuwa wa nne kutoka.

Nesi wa Kayole: Pole sana dada. Mimi ilikuwa ofu. Kila nikiomba naambiwa watu ni wachache, na hao watu wamekimbia hiyo hiyo wodi! Sheria ya Ajira ya 2007 inasema siku 1 ya kupumzika kwa kila siku 7 na likizo siku 21 za kazi kwa mwaka, hiyo ofu si zawadi ya inchaji.

Niko Mbali: Mimi niliondoka baada ya ule mkataba wa 2021 wa manesi wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza. Nyumbani wanadhani nilifuata pauni. Nilichoka kulia chooni.

Mama wa Naiti: Niseme ukweli, mimi nimekuwa huyo inchaji. Usiku tuko manesi wawili, wagonjwa zaidi ya thelathini, simu ya daktari haishikwi, basi hasira zote namwagia mdogo venye nilimwagiwa nikiwa mwanafunzi, nikidhani ndio kumkomaza. Kuna msichana aliacha, kwa barua aliandika tu asante kwa nafasi. Hakunitaja. Ningeona afadhali angenitaja.

Nesi wa Kayole: Mama, umewahi kumtafuta?

Mama wa Naiti: Bado. Namba yake ninayo.