Mafundi wa Bukavu, mtapaka rangi juu ya maji hadi lini?

Ndugu zangu wa Bukavu, nimekasirika na siwezi kuficha. Ukuta wa chumba cha watoto una doa la maji. Rangi inavimba na kubanduka, chini yake kunatoka unga mweupe wa chumvi, chumba kizima kinanuka uvundo na mtoto wangu mdogo anakohoa usiku. Wakati huo mafundi wanakuja, wanalipwa, wanaondoka.

Wa kwanza alisimama mlangoni, hata ukuta hakuugusa. "Mama, huu ni unyevu wa udongo, nyumba yako iko mlimani." Akakwangua, akapiga sima, akapaka rangi, akachukua dola zake. Doa likarudi. Mwingine akasema ni mabati, akapanda juu na misumari yake, naye akalipwa. Doa likarudi, tena limepanuka.

Sasa nawauliza: unyevu wa udongo unaanzia wapi? Unaanzia sakafuni, na ni nadra kupanda zaidi ya mita 1 hivi. Doa langu linaanzia usawa wa kifua, chini yake ukuta ni mkavu! Na maji ya mabati hufuata mvua. Hapa kwetu kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi, barabara zote vumbi, lakini ukuta wangu uliendelea kulowa. Fundi anayeijua kazi yake angeuliza hilo kabla ya kufungua kopo la rangi: linalowa lini, linakauka lini?

Nilibandika mwenyewe kipande cha plastiki juu ya doa, nikaziba kingo zote kwa skochi, nikakiacha usiku na mchana. Kama ni mvuke wa hewa ya chumba, matone hukaa upande wa nje wa plastiki. Yangu yalikuwa upande wa ukutani. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya ukuta, na nyuma ya ukuta huo ndipo bomba la bafu linapopita.

Nikamwita plombie, fundi wa mabomba. Hapo ndipo hasira yangu ilipofika. Alikuja saa sita mchana, akafunga robine zote, akatazama konteri, ile mita ya maji, akasema: "Haizunguki, mama. Bomba lako ni zima." Haizunguki, ndiyo, kwa sababu mchana maji hayapo! Mtaa wetu unapata maji usiku, kila mtu anajua, ndiyo maana tunaamka kujaza mapipa. Bomba tupu litavuja nini? Nilisubiri maji yaje, nikafunga kila robine, nikamulika konteri kwa tochi ya simu: kile kigurudumu kidogo kilikuwa kinazunguka taratibu, bila kusimama. Kwa hiyo nimelipia pia maji yaliyokuwa yanaozesha ukuta wangu.

Tulipobomoa tulikuta kona ya bomba la chuma imeliwa na kutu, na matofali yanayoizunguka yamelainika, ukiyakwaruza kwa ukucha yanamomonyoka. Kubadilisha kile kipande kulikuwa rahisi kuliko ile rangi.

Msiniambie ni doa tu. Tunakaa kwenye miteremko ya udongo wa mfinyanzi. Watafiti waliofuatilia mteremko wa Funu, hapa hapa Bukavu, ambao unasogea polepole pamoja na nyumba zilizo juu yake, walieleza mwaka 2022 kwamba ujenzi wa haraka na namna unavyobadilisha maji ardhini huenda vimeongeza mwendo wake. Maji yanayopotea kimya kimya ndani ya ukuta wangu yanashuka kwenye msingi wangu, kisha kwenye parseli ya jirani wa chini. Fundi anayefunika doa bila kutafuta chanzo anatuhatarisha sote wawili.

Na hawajakoma. Yule wa rangi amesikia tumebomoa, amepiga simu anataka kuja kesho kupiga sima. Kesho! Ukuta uliolowa muda wote huo, kawaida yake ni kuuhesabia karibu mwezi 1 wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene. Akiufunika sasa, unyevu utabaki ndani na rangi itavimba upya. Nimemkatalia. Ukuta utakaa wazi, madirisha yatafunguliwa kila asubuhi, na kabla hajakanyaga tena kwangu anirudishie hela ya ile rangi ya kwanza.