Lugha za mababu Tanga na Bagamoyo: wewe ulianzia wapi kuirudisha ya kwenu? Tupeane uzoefu

Mwenye uzi (Ngamiani, Tanga)
Habari zenu wana Tanga, na jirani zetu wa Bagamoyo. Naanza na langu. Baba Msambaa wa Bumbuli, mama Mbondei, mimi nimekulia mjini. Kisambaa nakisikia vizuri tu, ila maisha yangu yote nimekuwa nikijibu kwa Kiswahili. Mwaka jana bibi aliugua, Kiswahili kikamtoka kabisa, akabaki na Kisambaa peke yake. Anasema "onga mshi", mimi naitikia "shikamoo bibi". Nilikaa pembeni ya kitanda chake siku tisa, kila neno naelewa, na kumrudishia sentensi mbili siwezi. Alifariki hivyo.

Sasa kila Jumapili nampigia shangazi, na sharti ni moja: Kiswahili marufuku. Wiki za mwanzo dakika tano tu jasho linanitoka. Siku hizi nusu saa inapita.

Nataka kusikia waliojaribu. Kilichokubali na kilichokwama.

Mzigua wa Handeni
Mimi Kizigua nimefundishwa na fundi cherehani aliyezaliwa Somalia. Wazee wao waliuzwa utumwani karne ya 19 kutoka huku kwetu, wakaja kujenga vijiji vyao bonde la mto Juba, na lugha wakaenda nayo. Vita ya 1991 ikawatawanya. Waliofika Tanzania, wengi wao wakapewa makazi Chogo, hapa hapa Handeni.

Siku ya kwanza nimempelekea suruali, akanisemesha Kizigua. Nikajibu Kiswahili. Akarudia polepole, kama unavyomsemesha mtoto mdogo. Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Watu wameishi zaidi ya miaka mia moja ugenini, katikati ya Wasomali, na hawakuiacha. Mimi niliyezaliwa juu ya ardhi yenyewe ndiye niliyeipoteza. Nikawa nakwenda kukaa kibarazani kwake kila jioni, hata kama sina nguo ya kushona.

Mjukuu wa Magila
Kwa upande wa Kibondei nilianza na maandishi. Mmisionari Woodward alichapisha kitabu cha lugha yetu mwaka 1882, na nakala yake ipo kwenye intaneti. Nilinakili daftari zima la maneno. Kosa langu nilidhani nimeshajua. Nilipomsomea mjomba kule Muheza, kila neno la tatu ananisimamisha: sauti nimeipandisha pasipopandishwa. Mengine alisema aliyasikia kwa babu yake tu, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunihadithia habari za huyo babu. Kitabu bila mzee hakikunifikisha popote, ila kilimfungua mzee.

Msegeju
Sisi tuna hali mbaya kuliko nyie. Wasegeju wengi wa pwani tulishahamia Kidigo na Kiswahili zamani. Kidhaiso, ile ambayo ni ndugu ya Kikamba, ipo kwa watu wa Bwiti. Nimekwenda mara mbili. Nina sauti za mama mmoja mzee nilizorekodi kwenye simu, jumla yake urefu wa saa nne hivi. Nazisikiliza usiku. Bado siongei.

Binti wa Bagamoyo
Mimi Mkwere. Nilipowekwa ndani, niliimbiwa nyimbo usiku kucha, nikashikishwa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mbao cha mwali, nikatolewa nikashangiliwa. Maneno ya zile nyimbo sikuyaelewa hata kidogo, na nilikuwa mwali mwenyewe! Nimekuja kumuuliza somo yangu nikiwa na watoto wawili. Kumbe karibu kila wimbo ulikuwa unaniambia jambo: namna ya kuishi na mwenzangu, mwili wangu, nani wa kumkimbilia nikionewa. Nilifundwa kwa lugha nisiyoijua. Mwanangu wa kike ana miaka saba, namwimbia sasa hivi zile zinazomfaa umri wake na kumweleza neno kwa neno.

Mdigo, Mkinga
Mimi shuleni nilichapwa kwa kusema Kidigo, mwalimu anaita ukabila. Wanangu nikawaficha lugha nikidhani nawasaidia. Najuta.

Mwenye uzi
Pole sana kaka. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na hakipungukiwi kitu mtoto akijua na Kidigo.

Hilo la binti wa Bagamoyo limenigusa. Wamaori wa New Zealand mwaka 1982 walianzisha vituo wanavyoviita viota vya lugha: watoto ambao hawajaanza shule wanashinda na wazee, na wazee wanasema Kimaori tu. Hapa kwetu bibi anashinda na wajukuu kila siku. Tunachokosea ni kumwambia aseme nao Kiswahili.

Mjukuu wa Magila
Mkuu, mjomba amekubali Jumamosi asubuhi, barazani kwake Muheza. Watoto wangu watatu wanakuja. Mwenye wa kwake awalete, uji upo.

Mdigo, Mkinga
Wangu mkubwa ana miaka kumi na tano. Bado anaweza?