Fundi anasema gesi ya AC imekwisha, mara ya nne sasa. Nitie tena au ninunue mpya?

Mama wa Chukwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa mtu anayeijua AC kikweli, maana nishachoka kutoa pesa kwa kitu kile kile.

Nyumbani tuna AC moja tu, BTU 12,000, iko chumbani kwa mamaangu. Ana miaka 78 na ana pumu, na kaskazi ikishika chumba chake hakilaliki. Tuliifunga mwaka 2021. Mwanzo haikutusumbua hata siku moja. Ramadhani ya mwaka jana ikaanza kupuliza hewa ya uvuguvugu. Fundi akaja, akafunga geji ya kupimia gesi, akasema imekwisha. Akatia, nikampa 70,000. Ikashika miezi mitano. Akarudi, 80,000, ikashika miezi miwili. Akarudi tena, 80,000 nyengine, na hiyo haikumaliza wiki tatu. Juzi kaja kaniambia gesi imekwisha tena na mashine imekufa, ninunue mpya, 1,150,000 pamoja na kufunga.

Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki. Usiku wa saa nane nilisikia mama anakohoa, nikaingia, nikakuta maji yanachuruzika ukutani chini ya mashine. Asubuhi nikapanda ngazi nje. Ile paipu nyembamba ya shaba, pale inapoingia kwenye mashine ya nje, imeganda barafu nyeupe urefu wa kidole. Chini ya nati yake pana weusi wa mafuta, vumbi limenata. Nilimuuliza fundi mafuta yale ya nini, akanijibu ni uchafu wa kawaida.

Pesa ya AC mpya ninayo, lakini nimeiweka kwa ajili ya skuli ya mwanangu. Sasa nakuulizeni: gesi ya AC inaliwa kama ile ya kupikia? Na nikimwita fundi mwengine, nimuulize nini kabla sijatoa pesa?

Fundi wa Mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam dada yangu. Mama Mungu ampe afya. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaizime hiyo AC, na breka yake uishushe. Nitakwambia kwa nini.

Gesi ya AC hailiwi. Ya kupikia unaichoma, ndiyo maana mtungi unakwisha. Ya AC inazunguka humo humo ndani ya shaba: kompresa inaisukuma, inaachia joto nje, inaingia ndani inabeba joto la chumba, inarudi. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kutumika mpaka ikatupwa na gesi yake ya kiwandani. Kwa hiyo fundi akisema gesi imekwisha, swali ni moja tu: imetokea wapi? Asiyekuonesha mahali, usimpe pesa ya gesi, kwa sababu anatia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Na wewe ushapaona. Mafuta ya kompresa yanasafiri pamoja na gesi. Panapovuja, gesi inapotea hewani na mafuta yanabaki, vumbi linakamatia. Weusi ule chini ya nati si uchafu wa kawaida. Na barafu kwenye paipu nyembamba ni dalili ya gesi pungufu, ingawa filta iliyoziba nayo inaweza kugandisha, kwa hiyo kaifungue uioshe leo hii. Maji ya ukutani huenda ni barafu ya ndani inayoyeyuka.

Hakiki mwenyewe. Mashine ikiwa imezimwa, koroga sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kikombe, ipake kwa brashi kuzunguka nati, kisha subiri uangalie. Pakivuja utaona mapovu madogo madogo yanajitokeza na kukua. Picha hiyo piga, umuoneshe fundi atakayekuja.

Nimekwambia uizime kwa sababu kompresa inapozwa na gesi ile inayorudi. Gesi ikiwa kidogo, kompresa inapata moto mpaka waya zake za ndani zinaungua. Sasa hivi huenda una tatizo la nati. Ukiendelea kuiwasha litakuwa tatizo la kompresa, na hapo maneno ya yule fundi yatakuwa kweli.

Kazi yenyewe ni hivi. Gesi iliyobaki ikusanywe kwanza, isiachiwe hewani. Mdomo wa paipu ukatwe, utanuliwe upya, nati ifungwe. Ijaribiwe kwa kusukumiwa nitrojeni ndani, geji iangaliwe nusu saa ikae pale pale. Halafu pampu inyonye hewa na unyevu, nusu saa nyengine. Hapa ndipo wengi wetu tunapofanya haraka, na ndipo mashine zinapoharibika, maana unyevu ukibaki ndani unatengeneza asidi. Mwisho gesi itiwe kwa mizani. Kwenye mashine ya nje pana kibandiko kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake, ama R22, ama R410A, ama R32. Fundi asiyekuja na pampu wala mizani, mpe maji ya kunywa, mshukuru, aende. R32 inaweza kushika moto, asiikaribie na kiberiti.

Mimi kazi kama hiyo natoza 60,000, nitrojeni 30,000, na gesi kwa uzito uliotiwa. Wengine watakwambia zaidi au chini. Muhimu akutajie kila kitu mbali mbali kabla hajashika bisibisi.

Kununua mpya nakushauri ikiwa kompresa imekufa, au koili, zile paipu zilizokunjwa ndani ya mashine, imeliwa na chumvi matundu kwa matundu, au mashine ni ya R22. Hiyo gesi dunia inaiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na kuihangaikia miaka inayokuja ni kujitia gharama. Yako ya 2021 soma kibandiko kwanza.

Mzaliwa wa Wete, niko Toronto

Dada, huku kwetu mambo ni kinyume, tunanunua joto. Nyumba nyingi chini zina tanuri la gesi, linaitwa fanesi, linasukuma hewa moto vyumbani. Januari moja langu likawa linawaka sekunde chache linazima, nje theluji, watoto wamelala na makoti. Fundi wa kwanza akataka kubadilisha saketi bodi nzima. Nikaita wa pili. Akachomoa kijiti kimoja chembamba kinachohisi moto, kimefunikwa na utando, akakisugua kwa steelwuli laini, akakirudisha. Likawaka. Nililipa ada ya kuja kwake tu.

Tokea siku ile nauliza kwanza ada ya uchunguzi ni kiasi gani, na naomba nioneshwe kilichoharibika. Lakini aliniambia pia lile sanduku la chuma linalotenganisha moto na hewa ya nyumba likipasuka, nisibishane, ninunue jipya, maana hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu usingizini. Mafanesi ya huku huwa yanakwenda miaka 15 mpaka 20.

Mzee wa Bububu

Naongeza mawili. Ulipokatika umeme Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tuliishi kwa majenereta, na langu liliniunguzia friji. Tangu hapo sina mashine isiyo na kilinzi cha umeme. AC itafutie kile kinachosubiri dakika tatu kabla ya kuiwasha tena, maana kompresa ikilazimishwa mara tu umeme unaporudi, gesi haijatulia.

La pili, chumvi. Mashine yangu ya nje inaangalia bahari. Kila mwezi naizima, naimwagia maji matamu taratibu, si kwa nguvu, yale mapezi yake ya bati jembamba yasilale. Ina miaka tisa.

Mama wa Chukwani

Ahsanteni sana, na fundi wetu shukran za pekee.

Nilipaka sabuni siku ile ile. Mapovu yalitoka upande wa chini wa nati, ukitazama kwa juu huyaoni. Kibandiko kimeandikwa R32, kilo 0.62. Nilipiga simu kwa mafundi watatu nikawauliza mmoja mmoja kama wana pampu na mizani. Wawili wakaniambia hawana haja navyo. Wa tatu alikuja Jumamosi na vyote viwili. Alipokata mdomo wa paipu akanikabidhi mkononi: shaba imepasuka ufa mwembamba kama unywele, kwa sababu nati ilikazwa kupita kiasi tulipofungiwa. Geji alinionesha, haikushuka. Kazi 65,000, nitrojeni 25,000, gesi 75,000. Jumla 165,000.

Nimempa na kazi ya kuweka kilinzi wiki ijayo. Nauliza moja tu: zile gramu za gesi iliyobaki aliikusanya kwenye mtungi wake mwenyewe akaondoka nayo. Ndivyo inavyokuwa, au nilitakiwa nipunguziwe?

Fundi wa Mwanakwerekwe

Kwa mashine iliyovuja muda wote huo ilikuwa kidogo sana, na huenda imechanganyika na hewa, haifai kurudishwa kwenye AC yako. Aliyeikusanya badala ya kuiachia kafanya kazi yake. Namba yake ihifadhi.