Mstari wenye nukta mbili tu: unathibitishwaje?

Fundi_Tabora: Wakuu, nukta zenye idadi yenye kikomo, si zote mstari mmoja. Kwa nini lazima upo mstari unaopita mbili tu?

MwlUjiji: Uthibitisho wa mwanahisabati Kelly, 1948. Chukua kila mstari uungao angalau nukta mbili kati ya hizo, pamoja na kila nukta kati ya hizo iliyo nje ya mstari huo; chagua mstari L na nukta P ambavyo umbali kati yao ni mdogo kuliko wote. Shusha wima PF kutoka P hadi F iliyo juu ya L. L ikiwa na nukta tatu, mbili ziko upande mmoja wa F: Q karibu, R mbali. Kwa pembetatu zinazofanana, umbali wa Q hadi PR = PF × RQ/RP, na RQ ≤ RF < RP. Basi Q iko karibu zaidi na mstari PR kuliko P ilivyo na L: tumejipinga.

Fundi_Tabora: Q ikiangukia F?

MwlUjiji: Hakuna tatizo, RQ = RF.

Kasulu_hesabu: Msiruke “kikomo”. Nukta zote za majira kamili (x na y zote namba kamili) hazina kikomo, na zinaivunja kauli: mstari wowote uungao mbili hupita nyingine pia.