Naomba ushauri: mkaa wa vifuu unasafisha rangi, kromiamu inabaki

Habarini wadau, naombeni msaada wa wenye uzoefu wa maji taka.

Tuna kiwanda kidogo cha ngozi. Maji yanayotoka kwenye pipa la kromiamu (metali tunayotumia kulainisha ngozi isioze) ni ya kijani-bluu, pH yake (kipimo cha uchachu; chini ya 7 ni chachu) inacheza kwenye 4. Chini yetu kuna watu wanamwagilia mchicha kwa maji ya mfereji yanakoishia maji yetu, ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Nimetengeneza mkaa amilifu (mkaa wenye vitundu vidogo vingi vinavyonasa uchafu) wa vifuu vya nazi: nimeviponda, nikaviloweka kwenye asidi ya fosforiki, nikavichoma kwenye pipa lililofunikwa, kisha nikausuuza mkaa mpaka maji yakaacha uchachu. Nikiuchanganya na maji taka yanatoka meupe zaidi, lakini vipimo vya maabara vinaonyesha kromiamu imepungua kidogo tu. Nahisi mkaa unashiba rangi na mafuta ya ngozi kabla haujaigusa metali.

Maandiko mengi yanasema nishushe pH hadi 2, ila hayo yanahusu kromiamu sita, yaani Cr(VI). Yetu ni kromiamu tatu, Cr(III), aina nyingine ya metali hiyohiyo.

Maswali yangu: je, nianze na chokaa kupandisha pH hadi 8 hivi, kromiamu itulie chini kama tope, ndipo mkaa umalizie mabaki? Na mkaa uliokwisha kazi niupeleke wapi? Kuuchoma naogopa, maana kromiamu tatu ikipata moto na hewa inaweza kugeuka kuwa sita, ambayo ni sumu zaidi.

Natanguliza shukrani.