Naomba ushauri: bwawa alilotuachia baba limejaa tope

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Nakasongola, Uganda, kwenye shamba la marehemu baba. Kuna bwawa alilochimba kwa ajili ya ng'ombe, kama hatua 30 kwa 20. Utotoni maji yalinifika shingoni. Sasa hata mvua zikikolea hayapiti goti. Chini ni tope jeusi, kandokando mafunjo yamesonga. Ng'ombe wamekuwa wakishuka humo humo kunywa, wakabomoa kingo, na kilima cha juu kimekatwa miti ya mkaa, basi kila mvua inateremsha udongo.

Nataka kulichimba Januari, kiangazi. Hofu yangu kubwa: katapila likitoboa ule udongo wa mfinyanzi wa chini, maji si yatanywea yote? Nitajuaje kwamba tope limekwisha na nimefika mfinyanzi? Jirani anasema nitumie vibarua wenye majembe, nami naelekea kumwamini.

Pia nafikiria kuchimba shimo dogo la kunasa udongo kabla maji hayajaingia bwawani. Liwe na ukubwa gani? Tope nitalimwaga kwenye mihogo.

Waliowahi kufanya kazi hii, tafadhali nisaidieni. Kiangazi kilichopita tulikuwa tunaswaga ng'ombe kilomita 6 kutafuta maji, na ndama 2 walitufia njiani.